Mwizi Aliyevua Viatu

Asubuhi ile ya Jumatatu Inspekta Shaame aliingia kwa mkubwa wake bila ya kugonga mlango, na anayemjua Shaame anajua hilo si jambo dogo, maana bwana huyu hata nyumbani kwake mwenyewe hupiga hodi. Mkononi kashika mkate wa ufuta ndani ya gazeti. Kaununua njiani, hajautia mdomoni, na mkate wa ufuta ukishapoa basi tena, ladha yake yote inakwenda zake.

"Afande, nani kasema Usi apelekwe mahkamani leo?"

Afande Muhiddin, mkuu wa upelelezi, alikuwa anakoroga chai. Hakuinua uso.

"Asalaam aleikum na wewe, Shaame."

"Waaleikumu salaam. Nani kasema?"

"Mie nimesema. Jalada limekwisha. Ushahidi si huo hapo mbele yako?"

Juu ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki, yamo makubadhi ya ngozi, jozi moja. Ukanda wa kulia ulikatika zamani ukashonwa kwa uzi wa nyavu, wa buluu. Shaame aliyatazama kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kule Kiponda, ghorofani, ipo ofisi ya Daktari Radhiya. Si daktari wa sindano huyu. Yeye kazi yake ni kuchungua tabia za watu. Miaka na miaka anafuatilia watoto wa kisiwa hichi, tangu wako chuoni wanasoma Kurani mpaka wanaota ndevu, anataka kujua vipi mtoto wa watu, kanyonyeshwa maziwa yaleyale kama wenzake, anageuka mwizi, mpigaji, mtu wa shari. Basi Ijumaa, watu wametoka msikitini wamo majumbani mwao wanakula, njia nyeupe, mtu akaingia ofisini mle. Akabeba kompyuta zenye sauti za mahojiano yote. Anatoka tu, uso kwa uso na mlinzi, Mzee Msabah, aliyekuwa ndo anarudi kutoka kusali na kula. Akampiga chuma cha kichwa. Mpaka asubuhi ile Mzee Msabah yuko hospitali, kafumba macho, hasemi na mtu. Na pale nje ya mlango wa chumba yamekutwa makubadhi yale, yamekaa sawasawa, kisigino kwa kisigino, yanamngoja mwenyewe.

Watu wa soko la Darajani walipoonyeshwa hawakufikiri mara mbili. "Ya Usi hayo, yule kijana wa Chwaka anayepara samaki."

"Na kijana mwenyewe yumo katika utafiti wa Daktari," Muhiddin akasema. "Tangu mdogo. Msaidizi wake kanambia, yule Anuar, katika watoto wote hakuna aliyeonekana wa hatari kama huyo. Chuoni alimng'ata mwenzake mpaka akamtoa damu. Sayansi hiyo, Shaame."

"Ndugu yako Haroub alining'ata mie sikio chuoni. Leo anasalisha watu."

"Usinitilie ndugu yangu katika kazi."

"Na wewe usinitilie meno ya mtoto katika jalada! Haya, nambie, mwizi gani anavua viatu mlangoni?"

"Mwizi wa Unguja," Muhiddin akasema, akacheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Gari ya mahkama inaondoka baada ya adhuhuri. Na yule mzee akifa, hii kesi ya kuua. Unataka nini?"

"Nataka mpaka adhuhuri."

"Adhuhuri unayo. Hata nikitaka siwezi kuizuia."

Shaame alitoka, mkate wake akausahau palepale mezani.

Mahabusu, Usi alikuwa kachutama pembeni. Kijana mrefu, mwembamba, mikono ina makovu ya magamba na visu, na miguu mitupu juu ya saruji.

"Shikamoo."

"Marahaba. Makubadhi yako yalifikaje Kiponda?"

"Nshasema, afande. Nilisali Ijumaa pale msikitini Darajani. Nilipotoka siyaoni. Mtu keshayavaa."

Hilo hata Shaame hakuweza kulikataa. Ijumaa ile, viatu vimelundikana mlangoni, watu wanasukumana, jua kali, kila mtu ana njaa na mawazo yake yako kwenye pilau. Mwenye makubadhi ya kahawia anatia miguu ndani ya mengine ya kahawia anakwenda zake. Hakuna anayekwenda kituoni kushtaki. Wewe unavaa yaliyobakia, au unamwachia Mungu.

"Ukarudi Chwaka na nini mguuni?"

Usi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Miguu mitupu."

"Lami ya Ijumaa mchana, miguu mitupu, mpaka Chwaka?"

"Ndiyo."

"Hebu nitazame. Miguu mitupu?"

"Nshasema ndiyo."

Shaame akapiga kofi chuma cha mlango mpaka askari wa zamu akashtuka kule nje. "Mjinga we! Kituo kizima hichi mtu mmoja tu yuko upande wako, na huyo ndo unayemdanganya! Lala huko!"

Akaondoka anasonya. Maana uongo ule ulimuuma zaidi ya tusi. Mtu asiye na kosa anaficha nini?

Kiponda alipanda ngazi mbili mbili, kwa hasira. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ndani zulia jeupe, jeupe kama maziwa, hujui nani alikuwa na wazimu wa kutandika kitu kile katika mji huu wa vumbi. Shaame akainua mguu aingie.

"Viatu!"

Sauti ilitoka kwa kijana mmoja nadhifu, kanzu imepigwa pasi, kashika birika la chai. Akatabasamu hapohapo. "Samahani, babaangu. Daktari hataki. Sie wote hapa tushapigiwa kelele za viatu mpaka tumekoma."

"Wewe ndo Anuar?"

"Naam."

Anuar alikuja kumpokea, anachechemea. Visigino vyote viwili kabandika plasta. Pale mlangoni yamekaa makubadhi mapya, ngozi bado inanuka duka.

"Viatu vipya?"

"Vinauma, babaangu. Mpaka vizoee."

Shaame akavua buti zake, taratibu, uzi mmoja mmoja, anafikiri. Akaingia.

Daktari Radhiya alikuwa nyuma ya meza, mwanamke wa makamo, miwani, ushungi kaufunga kwa kukaza kama mtu anayetaka kupigana. Hata salamu hakuingoja.

"Nyinyi polisi nani kakupeni habari za Usi? Majina ya wale watoto ni siri! Mie nimekula kiapo kwa wazee wao!"

"Msaidizi wako kasema."

Daktari akamgeukia Anuar. Anuar akainamia birika. "Waliuliza, Daktari. Mzee Msabah anakufa, ningenyamaza vipi?"

"Na wewe," Shaame akamwambia Daktari, sauti imeanza kupanda, "ulimtia mtoto wa watu alama, hajui hata kujifunga shuka, kwamba huyu atakuwa mwizi?"

"Sikusema atakuwa! Nimesema yumo hatarini! Ukoo wenye kisukari kila mtu anaugua? Nilitaka wasaidiwe, si wafungwe!"

"Mkubwa wangu hajui tofauti hiyo."

"Basi mkubwa wako mjinga!"

Shaame hakubisha. Akakaa.

"Usi alipata kuingia humu ndani?"

"Hata siku moja. Sie ndo tunaowafata, chuoni na makwao."

"Chwaka anakwenda nani?"

"Anuar. Anakaa na mama yake Usi, anamhoji, anarekodi, ananiandikia. Mimi nilikuwa nikizisikiliza zamani, khalafu kazi zikanizidi. Ndo Alkhamisi nikamwambia anitayarishie zote, wiki hii nitazisikiliza mwenyewe." Akavua miwani. "Na Ijumaa zimeibiwa."

"Mama yake Usi anasemaje, Anuar?"

"Masikini, kila nikienda analia. Mwanawe anamuogopa, babaangu. Kanambia mwenyewe, usiku anafunga mlango kwa komeo."

Shaame akainuka. Njiani, mpaka anafika kwenye gari, alikuwa anasema peke yake, na muuza ndizi mmoja akamwitikia kwa kudhani anaulizwa bei.

Gari aliipeleka Chwaka mbio kama aliyeiiba. Alimkuta uani Bi Kazija, mama yake Usi, mnene, mwenye mikono ya chumvi, anafunga mwani kwenye kamba, anafunga na kulia, anafunga na kulia. Alipomwona askari akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, baba. Mwanangu mmeshamuua?"

"Hajambo. Nna swali moja baya, unisamehe. Unamuogopa mwanao?"

Kamba ikaruka kule, na mwani wake.

"Nani? Nimuogope Usi? Mtoto akirudi sokoni ananikanda miguu! Nani kasema, nambie nikamvue nguo hadharani!"

"Kijana wa utafiti. Anayekuja kukuhoji."

"Kijana yupi anayekuja? Alikuja mmoja na mama mwenye miwani, Usi bado anavaa kaptula. Wakakaa jamvini, wakanywa madafu, wakaniuliza habari za kung'ata. Toka hapo sijamuona yeye wala kivuli chake!"

"Una hakika?"

"Waulize majirani. Hapa mgeni akija hata kuku wanajua."

Hasira za Shaame safari hii zilikuwa na mahali pa kwenda.

"Hiyo habari ya kung'ata ni kweli?"

"Kweli. Alimng'ata Suhail wa nyumba ya pili, waligombana juu ya ubao wa kusomea. Nikamchapa. Siku ya pili mwenyewe akanambia mama nipe shokishoki zilizoiva. Akamchukulia mwenziwe kikapu kizima. Mpaka leo marafiki, huyo Suhail tangu juzi hali, analia kuliko mimi."

"Sasa, Bi Kazija, hili ndo kubwa. Ijumaa Usi alirudi na nini mguuni?"

Mama akageuza uso.

"Kanambia miguu mitupu," Shaame akasema. "Na gari ya mahkama inaondoka adhuhuri."

Bi Kazija akaingia ndani. Akatoka na kifurushi cha kanga kuukuu. Ndani yake makubadhi. Ya kahawia, ukiyatupia jicho utasema yaleyale ya mezani kwa Muhiddin, ila haya hayana uzi wa buluu.

"Yalibakia haya peke yake pale msikitini, baba. Akayavaa. Lakini aliona haya, mtu mzima kuvaa viatu vya mwenziwe. Akanambia nisimwambie mtu, Ijumaa ijayo atayarudisha palepale. Khalafu mkaja nyie mnamwita mwizi. Nikayafunga nikayaficha. Mkiyaona si mtasema na haya kayaiba?"

"Tungesema," Shaame akakiri. "Wallahi tungesema."

Akayageuza juani. Ngozi ilikuwa imezama pale pa kidole gumba, shimo kama la kijiko, na kisigino kimelika upande wa nje. Kiatu cha mtu kavaa miaka, kimeshakuwa sura ya mguu wake.

Jua lilikuwa linakaribia kichwani alipopanda tena ngazi za Kiponda. Makubadhi ya Anuar, yale mapya, yalikuwa pale mlangoni. Shaame akayatazama, akayasogeza kidogo kwa ncha ya kidole. Akaweka ya Chwaka ubavuni mwake. Akavua buti, akaingia.

"Nimetoka kwa Bi Kazija," akasema.

Anuar alikuwa anapanga vikombe. "Hajambo, masikini?"

"Hajambo. Wewe nyumba yake unaijua vizuri?"

"Kwani si kila mara nipo pale?"

"Kaezeka nini? Bati au makuti?"

Kikombe kimoja kiligongana na chengine.

"Makuti."

"Bati. Tena si la leo, lina kutu. Komeo la mlango liko upande gani?"

"Sikumbuki vitu hivyo. Mie naangalia watu, siangalii makomeo."

"Mlango wake hauna komeo, Anuar. Unafungwa kwa kamba."

Daktari Radhiya alikuwa kashainuka. "Anuar? Ulikuwa hwendi Chwaka?"

"Mnanisimanga nini?" Anuar akapiga kelele, uso umemjaa damu. "Mama wa mwizi atasema ukweli? Mie nimekutumikia miaka yote hii, leo askari wa mitaani anakuja kunitukana mbele yako na wewe unamsikiliza? Sikai hapa!"

"Nenda zako," Shaame akasema. "Nani kakushika?"

Anuar akatoka kwa fujo. Mlangoni hakutazama chini. Nani anatazama chini? Mtu mguu wake unajua pa kwenda. Akatia wa kulia, akatia wa kushoto, akashuka ngazi, pa, pa, pa, hasira juu ya hasira, mpaka akafika pale ngazi zinapokata kona.

"Anuar!" Shaame akamwita toka juu. "Mbona huchechemei?"

Anuar akasimama. Polepole akainamisha kichwa, akatazama miguu yake. Makubadhi yale yalikuwa yamemkaa kama ngozi yake mwenyewe, kidole gumba kimelala ndani ya shimo lake, na plasta za visigino haziguswi na kitu. Huku juu, mlangoni, mapya yake yanang'aa.

Akashika ukuta.

"Ijumaa ulitoka msikitini mbio," Shaame akasema, anashuka na soksi zake, ngazi kwa ngazi. "Ulitaka uzitoe kompyuta kabla Daktari hajagundua kuwa sauti za Chwaka hazimo, na kabla mlinzi hajarudi. Ukavaa ya Usi, hukujua. Ukaja hapa, ukavua. Umekuja kuiba, na viatu unavua! Kwa sababu umeshazoea kupigiwa kelele. Mwizi wa nje angelikanyaga zulia lile na tope zake. Khalafu akaja Msabah, wewe ukakimbia miguu mitupu, na walipoyaokota wakataja jina la Usi, ukaona Mungu kakupenda."

"Sikutaka kumpiga," Anuar akasema. Sauti haikufika mbali. "Aliniita jina langu. Alisema, Anuar, mwanangu, unafanya nini?"

Hapo Shaame akamshika shingo ya kanzu kwa mikono miwili, akambana ukutani mpaka chokaa ikawamwagikia wote wawili. Kakuita mwanangu, na wewe ukampiga chuma! Akamwachia kabla mkono haujafanya jambo la kumfukuzisha kazi.

Daktari Radhiya alikuwa juu, kashika mlango.

"Yale yote uliyoniandikia juu ya Usi?"

"Nimeyatunga. Pale kahawani." Anuar akainua uso, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na hasira. "Ulikuwa unayapenda! Nikikuletea mtoto mzuri hunijibu. Nikikuletea mbaya, unanipigia simu hapohapo, Anuar nambie zaidi, Anuar kazi nzuri. Basi nikakupa wabaya!"

Chini mitaani mtu anapita na kengele ya baiskeli.

"Daktari," Shaame akasema mwisho, anahema, "umezunguka kisiwa kizima unamtafuta mhalifu anavyokua. Kumbe yuko hapa anakumiminia chai."

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Shaame anaingia kituoni na Anuar mbele yake. Gari ya mahkama ilishawashwa. Muhiddin alisikiliza yote kasimama, akayatazama makubadhi, akatazama miguu ya Anuar, akatazama tena makubadhi.

"Ningeyaona," akasema, "kama ungeniletea mapema."

"Fungua mlango, afande," Shaame akamwambia, meno kayauma. "Mfungulie mtoto wa watu mlango."

Usi alitoka anafinya macho kwa jua. Viatu hakupewa, ni vielelezo vile, jozi zote mbili, mpaka kesi ya Anuar imalizike.

"Utarudi vipi?" Shaame akamuuliza.

"Miguu mitupu," Usi akasema. Khalafu akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Safari hii kweli, afande."

Getini alikuwepo Daktari Radhiya. Kaja bila ya miwani, macho mekundu. Hospitali walikuwa wameshapiga simu kwamba Mzee Msabah kafumbua macho na kaomba maji, lakini uso wa Daktari haukuwa wa mtu aliyepata habari njema.

"Usi, mwanangu. Nimekuja kukutaka radhi. Yalitokea mambo bila ya mimi kujua, na yaliyotokea kwa kujua kwangu ni mengi zaidi."

Usi akamtazama. Alikuwa anamkumbuka, mama wa miwani juu ya jamvi, na madafu.

"Mimi nilimng'ata Suhail, kweli," akasema. "Mliandika?"

"Tuliandika."

"Siku ya pili nikampelekea shokishoki, kikapu kizima. Nilikwenda peke yangu, hakuna aliyenituma. Hilo mliliandika?"

Nyuma yao gari ya mahkama ikazimwa.

"Siku ya pili hatukuja," Daktari Radhiya akasema.

Usi akangoja kidogo, kama kuna mengine. Hayakuwepo. Basi akageuka, akashika njia ya kwenda Darajani, anaruka toka kivuli hadi kivuli maana lami ilikuwa moto, na Shaame akabakia getini anamtazama Daktari, hasira zimemjaa mpaka kooni, asijue sasa amtolee nani.